Mita 90 za Nini?

Muulize mkandarasi wa visima wa Singida, Dodoma au Kitui maji yako kina gani, naye hatasita: "Huku ni mita 90." Huenda yuko sahihi. Ila hajasema mita 90 za nini. Inaweza kuwa kina alichofikia kabla ya kukata tamaa. Inaweza kuwa pale maji yalipoonekana mara ya kwanza, au urefu wa mabomba aliyoshusha, au idadi ya mita alizolipwa. Hizo ni hesabu nne, na ndani ya shimo moja zinaweza kupishana kwa makumi ya mita.

Tuseme kuna visima viwili katika kata moja, kila kimoja mita 90, vimechimbwa na rigi ileile. Cha kwanza kilikuta maji mita 34, yakaongezeka mita 51, halafu mwamba ukawa mgumu na mkavu hadi chini kabisa. Maji yakitulia yanasimama mita 12 kutoka usoni. Cha pili kilishuka kikavu mpaka mita 83, kikakuta ufa mmoja, maji yakapanda taratibu na kusimama mita 47. Kwenye daftari la wakandarasi wengi vyote viwili vitaandikwa "90, maji yapo". Mwenye cha kwanza amelipia zaidi ya mita 30 ambazo hazikumwongezea hata tone. Mwenye cha pili akifungiwa pampu ya mkono aina ya Afridev, ambayo imeundwa kwa kina cha mita 45 hivi, silinda yake itaning'inia juu ya maji na kijiji kitaambiwa pampu ni mbovu. Jirani wa tatu anayeomba makadirio ya bei naye atapewa mita 90, kwa sababu ndiyo namba inayojulikana.

Chanzo cha tofauti hii ni mwamba wenyewe. Sehemu kubwa ya Tanzania ya kati, mashariki mwa Kenya na maeneo mapana ya Uganda imekalia miamba ya kale sana ya itale na gineisi. Mwamba wa namna hii ukiwa mzima hauna nafasi ya kuweka maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililooza na kulegea kwa mamilioni ya miaka, na katika nyufa zilizo chini yake. Unene wa tabaka hilo unaweza kuwa mita chache upande huu wa korongo na makumi ya mita upande wa pili. Nyufa nazo, kwa kawaida, hupungua na kubana kadiri unavyoshuka. Ndiyo maana kuongeza kina hakuongezi maji kwa uhakika, na baada ya hatua fulani kunaongeza gharama tu.

Nenda sasa Kigamboni. Kimbiji na Mpera, kusini mwa Dar es Salaam, mambo ni kinyume: matabaka mazito ya mchanga na mfinyanzi, na visima vya serikali vinavyoshuka mamia ya mita kufuata maji yaliyo mbali chini. Mkandarasi aliyezoea huko akihamia Manyoni, mkoani Singida, na tabia zake atamfilisi mteja. Wa Manyoni akishuka pwani na kusimama mita 60 atakuwa ameacha mali nyuma.

Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Alan MacDonald wa British Geological Survey walikadiria kuwa chini ya ardhi ya Afrika kuna maji yapatayo kilomita za ujazo 660,000. Namba hiyo ilishangiliwa sana. Kilichosomwa na wachache ni maelezo yaliyoifuata: katika miamba ya kale, kisima kinachotoa lita moja kwa sekunde tayari ni kizuri, na vingi hutoa chini ya hapo. Hicho kinatosha pampu ya mkono na hata mradi mdogo wa bomba, si shamba la umwagiliaji. Ili ujue uko upande gani wa mpaka huo, hakuna njia ya mkato isipokuwa kusoma kilichotoka katika mashimo yaliyokwisha kuchimbwa karibu na hapo.

Na kinachotoka shimoni ni kingi kama kuna mtu wa kuandika. Rigi inashusha rodi baada ya rodi, nyingi zikiwa na urefu wa mita 3. Opereta makini huandika dakika ambazo kila rodi ilichukua kushuka. Rodi tano zikitumia robo saa kila moja, halafu ya sita ikazama kwa dakika nne, hapo kuna ufa au mwamba laini, na mara nyingi ndipo penye maji. Taarifa hiyo inagharimu saa ya mkononi na kalamu. Vilevile kila mita, au walau kila udongo unapobadilika rangi, sampuli ya vumbi na kokoto zinazorushwa na kompresa hutandazwa chini kwa mstari, kuanzia juu hadi chini. Mtu aliyesoma miamba akipita jioni anaweza kusimulia historia ya shimo lote kwa kutazama vilundo hivyo. Asipopita, na mvua ikanyesha usiku, historia hiyo imekwenda.

Mabomba nayo yaandikwe yalivyoshuka: kesingi nzima kutoka wapi hadi wapi, skrini yenye mianya imekaa mita ngapi, changarawe imejazwa hadi wapi, simenti ya kuzuia maji machafu ya juu imewekwa mita ngapi. Nimeona visima ambavyo skrini zilipangwa kwa mazoea, bomba moja la mianya baada ya kila mabomba mawili mazima, bila kujali maji yalikotokea. Kisima cha namna hiyo hutoa maji kidogo tangu siku ya kwanza, na lawama hupewa ardhi.

Sasa tuje kwenye jaribio la kupampu, maana hapa ndipo mteja hudanganyika kirahisi, hata bila mtu kukusudia kumdanganya. Chukua bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 150, ile inchi 6 ya mafundi. Kila mita moja ya bomba hilo inabeba lita karibu 18 za maji. Kama kisima kina mita 90 na maji yanasimama mita 20, ndani ya bomba tayari kuna mita 70 za maji, yaani zaidi ya lita 1,200. Pampu ya lita 2,000 kwa saa ikiwashwa, kwa zaidi ya nusu saa inaweza kuwa inamwaga maji ya bombani tu kabla ardhi haijasema lolote. Watu wanashangilia, picha zinapigwa, mwenyekiti wa kijiji ananawa uso. Cheti kinaandikwa "lita 2,000 kwa saa". Baada ya wiki pampu inavuta hewa.

Ndiyo maana jaribio la maana huchukua muda. Kwanza hupampwa kwa hatua, kiwango kikipandishwa kidogo kidogo, kuona kisima kinavumilia nini. Kisha hupampwa kwa kiwango kimoja kwa saa nyingi, kwa mradi wa jamii mara nyingi saa 24, huku usawa wa maji ukipimwa na kuandikwa. Pampu ikizimwa kazi haijaisha: hupimwa maji yanavyorudi juu. Ningelazimishwa kuchagua kipande kimoja tu cha jaribio zima, ningechagua hiki cha kurudi. Maji yaliyoshuka mita 30 na kurudi yote ndani ya saa moja yanasimulia habari tofauti kabisa na yale yanayochukua siku mbili kufika nusu. Makadirio ya kompresa, yale ya kupuliza maji nje kwa hewa mara baada ya kuchimba, yana faida yake kwa mchimbaji lakini hayatoshi kununulia pampu.

Kwa nini basi haya hayaandikwi? Uvivu upo, ila mikataba ina mchango mkubwa zaidi. Mkataba wa kulipa kwa mita unamfanya mkandarasi apende kina. Akikuta maji ya kutosha mita 55 hana sababu ya kifedha ya kusimama hapo. Mkataba wa "hakuna maji, hakuna malipo", ambao wateja binafsi wanaupenda, una kasoro ya upande wa pili: mchimbaji anajilinda kwa kupandisha bei ya visima vyote, na siku akikosa anafunga mitambo na kuondoka. Shimo kavu linafukiwa na daftari linabaki jeupe. Kwake ni hasara, na hakuna anayependa kuhifadhi hasara kwa maandishi.

Kwangu mimi, shimo kavu lililoandikwa vizuri lina thamani sawa na lenye maji, na katika maeneo magumu lina thamani zaidi. Linamwambia anayefuata kwamba tabaka la juu hapa lina mita 6 tu, kwamba chini yake kuna itale nzima hadi mita 110, na kwamba asirudie pale. Lisipoandikwa, ukoo au shirika jingine litakuja baada ya miaka mitano na kulichimba tena, hatua ishirini kutoka pale pale. Hesabu za mafanikio nazo zinaharibika: wilaya inayoandika visima vyenye maji peke yake itaonekana ina bahati ya asilimia mia moja, na bajeti ya mwaka ujao itapangwa kwa bahati hiyo.

Mpimaji naye anaumia. Mtaalamu anayekuja na mashine ya umeme, akachomeka vyuma ardhini na kusema "chimba hapa, mita 60 hadi 80", asiporudishiwa matokeo atabaki vilevile miaka yote. Ripoti yake ni utabiri. Anayeweza kuusahihisha ni mchimbaji, kwa daftari lake. Bila daftari, mpimaji mwenye shahada na mzee anayetafuta maji kwa vijiti viwili wanakuwa sawa mbele ya mteja, kwa kuwa hakuna aliyehifadhi alama za yeyote kati yao.

Mfano mkubwa wa utabiri uliotangulia daftari uko Turkana. Septemba 2013 ilitangazwa Nairobi, kwa msaada wa UNESCO, kwamba teknolojia ya rada na satelaiti imegundua hifadhi kubwa za maji chini ya kaunti hiyo, kubwa zaidi ikiwa bonde la Lotikipi, lililosemekana kubeba mita za ujazo bilioni 200. Dunia nzima iliandika kuhusu habari hiyo. Visima vya majaribio vilivyofuata Lotikipi vilitoa maji ya chumvi yasiyofaa kunywewa bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Satelaiti ilikuwa na kazi yake, lakini ladha ya maji ilijulikana rodi ziliposhuka.

Kuna taarifa nyingine inayodharauliwa: tarehe. Kisima kina maisha, na karatasi yake inapaswa kufanana na kadi ya kliniki ya mtoto, inayojazwa kila akirudi kupimwa, si picha moja ya siku ya kuzaliwa. Hapa Tanzania tuna ushahidi wa kiwango cha dunia. Uwanda wa visima wa Makutupora, kaskazini mwa Dodoma, ndio umeinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na usawa wa maji yake umekuwa ukipimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwamo Watanzania, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Waligundua kwamba hifadhi ile haijazwi kila masika. Hujazwa kwa kurukaruka, katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, na ujazo mkubwa kuliko wote ulitokana na mvua za El Niño za 1997 na 1998. Katikati ya misimu hiyo maji hushuka mwaka baada ya mwaka, na kupampu kwetu kunayasukuma chini zaidi.

Fikiria maana yake kwa mkandarasi. Aliyepima maji mita 15 katikati ya 1998 na aliyepima mita 26 miaka kadhaa baadaye wanaweza wote kuwa wakweli. Bila tarehe, mmoja ataitwa mwongo. Na aliyefunga pampu yake mita chache chini ya usawa wa mwaka wa neema atarudishwa kisimani mwaka wa kiangazi, safari hii kwa gharama zake au kwa ugomvi. Sasa Dodoma imepokea serikali nzima tangu 2016, na mahitaji hayatapungua. Utafiti ule uliwezekana kwa sababu mafundi wasiojulikana majina walishusha kamba ya kupimia, wakaandika, na ofisi ikatunza karatasi. Hakuna aliyewaambia kwamba siku moja jarida la kimataifa litazisoma.

Mahali pia paandikwe inavyostahili. "Shule ya msingi, karibu na mwembe" haitoshi, hata kama mwembe bado upo. Leo kila simu inatoa majira ya nukta, lakini kuna mtego ambao hata wahandisi huuangukia. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu zetu hutumia WGS84. Nukta ileile ikisomwa kwa mifumo hiyo miwili inahama takriban mita 300. Katika mwamba wa nyufa, mita 300 ni kisima kingine kabisa. Basi andika majira ya nukta, na pembeni yake andika mfumo uliotumia.

Ubora wa maji nitaugusa kwa kifupi, ingawa unastahili safu yake. Kuzunguka Mlima Meru na katika sehemu kubwa ya ukanda wa Bonde la Ufa, kisima kinaweza kuwa na maji mengi na matamu lakini yakaharibu meno na mifupa ya watoto kwa floridi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na yako maeneo ya Arusha yanayozidi kikomo hicho mara kadhaa. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Tabaka moja linaweza kuwa baya na jingine la jirani likawa na nafuu, hivyo matokeo ya maabara yasiyotaja skrini zilikaa wapi hayamsaidii mchimbaji anayefuata. Pwani tatizo ni chumvi. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari, na kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 chini yake. Ukishusha usawa wa juu kwa mita moja, unaipa bahari nafasi kubwa ya kupanda. Huko kuongeza kina kwa pupa ni kuifuata chumvi.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inaweka maji yote ya Tanzania Bara kuwa mali ya umma, na bodi za mabonde tisa ndizo zinazotoa vibali. Mchimbaji anatakiwa kuwa na leseni, na taarifa za kisima zinapaswa kufika katika ofisi ya bonde. Kenya, chini ya Sheria ya Maji ya 2016, mamlaka ya rasilimali za maji, WRA, inadai ripoti ya kukamilika kwa kisima. Tatizo ni umbali kati ya karatasi na ofisi, na ofisi ambayo ikipokea karatasi haiifungui kwa umma. Uingereza tangu 1945 anayechimba kisima kirefu analazimika kutoa kumbukumbu zake, na leo mtu yeyote anaweza kuzisoma zikiwa zimehifadhiwa sehemu moja. Kwetu, shughuli za uchimbaji za DDCA, wakala wa serikali wa kuchimba visima na kujenga mabwawa, zilipohamia RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019, urithi wa thamani kuliko rigi zote ulikuwa makabati ya kumbukumbu. Ningependa kuona hizo karatasi zikipigwa picha na kuwekwa wazi, wilaya kwa wilaya, kabla mchwa hawajamaliza.

Wakandarasi wengi hapa hukunja uso. Wanasema daftari ni mtaji wao: wamelipia mafuta ya kompresa na vichwa vya kuchimbia kwa kujifunza kata moja moja, kwa nini wampe mshindani bure? Hoja hii naiheshimu lakini siikubali. Aliyelipia shimo ni mteja, na maji ni ya umma. Mkandarasi bado anabaki na kile kisichoandikika: mkono wa opereta wake, uzoefu wa kujua ni lini udongo utaporomoka na kuhitaji kesingi ya muda, bei nzuri ya mabomba. Anachopata akifungua daftari, na wenzake wakafungua yao, ni makadirio ya zabuni yanayokaribia ukweli, ugomvi mdogo wa mita za ziada, na mashimo makavu machache. Mkandarasi mdogo mwenye rigi moja hawezi kubeba makavu matatu mfululizo. Yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya daftari la jirani.

Kwa wewe unayetaka kuchimba mwaka huu, kwa ajili ya nyumba, shule au kanisa, andika katika mkataba kwamba sehemu ya mwisho ya malipo, na iwe sehemu yenye uzito, italipwa baada ya kukabidhiwa taarifa kamili ya kisima pamoja na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na ofisi ya bonde. Siku ya kuchimba, weka mtu wako mwaminifu wa kuhesabu rodi na kupiga picha sampuli kabla hazijafagiliwa. Kazi ikiisha, shusha kamba yenye uzito mpaka chini ulinganishe na mita ulizotajiwa. Kama shimo ni kavu, lipia taarifa yake pia, na hakikisha nayo imefika bondeni.

Nawe mkandarasi, kuanzia kisima kijacho acha kumwambia mteja "mita 90" peke yake. Mwambie maji yalitokea wapi, yanasimama wapi, yanashuka hadi wapi pampu ikifanya kazi, na ulipima tarehe gani.